Kashata

Nampota analiviringisha la kwanza hadi miguuni pangu,
analipiga kofi shavuni.
"Hili la tope. Ingiza kidole kwenye kashata zake."
Naingiza. Kinazama hadi fundo la pili.
Nje, Magomeni imekauka, vumbi limelala juu ya ndizi za kuuza,
na gari langu lipo juani, mguu mmoja hauna kiatu,
limeegemea jeki kama mtu anayesubiri zamu ya sindano.

Nalitaka hilo. Nisidanganye.
Nalitaka kwa jinsi litakavyosimama pale ghalani
siku ya mnada, katikati ya magari ya wanunuzi.

Kazi yangu ni kupima unyevu wa korosho.
Nakata punje, natazama tumbo lake, naandika asilimia;
mkulima hunitazama mkono, hanitazami uso.
Leo aliyeshika kisu ni Nampota.
"Dada, siku ngapi kwa mwaka unaiacha lami?"

Shangani hadi ghalani, lami.
Mikindani kwenye harusi, lami.
Lindi kwenye vikao, lami, na mashimo mawili
ambayo nimeshayapa majina.
Kwa mama, chini ya Kitangari, ndiko kwenye mchanga mwekundu:
mara nne, mara tano, na mvua inikute mara moja.
"Siku kumi na moja," nasema.
"Na zile mia tatu hamsini na nne?"

Hangoji jibu.
"Hili litakulia mafuta. Litakupigia kelele hadi ofisini.
Lami ikilowa, unakanyaga breki
nalo linasimama likipenda."
Anavuta jingine: begani lina meno,
tumboni kashata zimeshikana.
Ananisomea tarakimu nne za ubavuni, wiki na mwaka,
nione kwamba si mtumba uliopakwa kiwi.

Sikumwambia habari za siku moja
iliyomo ndani ya zile kumi na moja.

Januari, saa mbili usiku, simu: mama ameanguka.
Kile kilima cha mfinyanzi. Matairi yangu kipara kama goti.
Gari likaniponyoka kama sabuni,
taa zikamulika mikorosho, mara mawingu, mara mikorosho,
kisha mtaro.
Wakatoka watu nisiowajua, wakakata matawi.
Hayakutosha.
Bi Atuje akaingia ndani, akatoka na mkeka,
mkeka wa kulalia, bado una joto la mtoto,
akautandika mbele ya gurudumu, akasema, "Kanyaga."
Nikakanyaga.
Alfajiri nikamkuta mama zahanati,
goti limefungwa bendeji, anakunywa uji.
Akaniuliza kama nimekuja na mkate.

Siku moja kwa mwaka: robo ya asilimia na ushee.
Korosho yenye unyevu huo
ningeipitisha bila kuinua macho.

"Weka haya ya kati," nikasema. "Yote manne."
Laki tatu na ishirini kwa moja.
Nampota akapunguza elfu kumi,
akanifungia na vifuniko vyekundu vya upepo
ambavyo sikuviomba.

Sasa nikifika themanini, nikiikaribia Mikindani, yanavuma,
kidogo tu, kama nyuki ndani ya kopo.
Twalibu anasema ni beringi.
Namwacha aseme.

Agosti nilipanda Kitangari na mkeka mpya kiti cha nyuma,
umefungwa kamba ya katani.
Bi Atuje akaupokea, akauegemeza ukutani bila kuufungua,
akaenda moja kwa moja kwenye gurudumu,
akainama, akalibonyeza kwa dole gumba
kama anayechagua papai.
"Magumu haya," akasema.
"Lakini mvua ikija, usinipite."