Hatua Arobaini na Saba

Kila Jumanne Bi Aaltje Verschoor alikuja ofisini
na koti lilelile, vifungo viwili si vyake,
akasimama mbele ya meza yangu ya kuchorea
akahesabu.

Toka bomba la maji hadi mlangoni: arobaini na saba.
Arobaini na tisa, nikiwa na kapu la viazi.

Nami nilikuwa kijana, penseli nimeichonga kwa wembe,
nimekabidhiwa mji mtupu kama sahani iliyolambwa.
Rotterdam ya kati ilikuwa mchanga na magugu.
Kifusi tulikwisha kukimwaga mferejini,
matofali ya jikoni na ya kanisani
yakazama pamoja bila kuulizana dini.
Kwangu mimi ule ulikuwa usafi. Nasema kweli.
Nilipenda rula ilivyoteleza
bila kugonga ukuta wa mtu.

"Bomba liko wapi?"
Bomba halipo, Bibi.
"Basi anzia dukani kwa Hoogland, muuza samaki."
Nalo halipo.

Akavua glavu, akaweka kidole cha shahada
katikati ya barabara kuu, mita sitini za upana
nilizozipaka kijivu wiki nzima.
"Hapa," akasema. "Hapa Joost alikuwa ananyoa ndevu.
Siku ile alichelewa."

Hakulia. Hakudai fidia;
fomu alikwisha kuijaza, ikagongwa mihuri mitatu.
Alitaka tu, kama si usumbufu,
kituo cha tramu kiwekwe pale,
"watu wapate sababu ya kusimama."

Nilikisogeza.
Milimita nane karatasini, mita nane ardhini.
Mkuu wangu alikiona kabla ya kahawa,
akafuta, akapuliza vumbi la raba
likaniangukia mkononi.
"Reli haipindi kwa huruma, kijana."

Jumanne iliyofuata nilijificha stoo, kati ya ramani,
nikamsikia akimhesabia karani.
Baadaye hakuja tena, wala sikuuliza.

Leo ni mzee mwenye pasi ya bure ya tramu.
Kituo kipo mbele ya benki, pale alipotaka mkuu,
kina kioo, kina benchi, kinapendeza.
Nikishuka hurudi nyuma, nakanyaga lami yangu ya kijivu,
naanza: moja, mbili.
Bomba silijui lilikuwa wapi, nakisia tu.
Kwenye kumi na tisa, ishirini hivi,
magari hunipigia honi
nami husimama.