Gia Yangu Magoti

Natoka Wete alfajiri, kasha la chanjo liko kwenye keria,
nimelifunga kwa mipira mitatu ya ndani iliyostaafu.
Kasha limezeeka, kifuniko kinapwaya.
Ndani vibao vya barafu vinagongana kila nikipita jiwe:
mpaka adhuhuri ni barafu, baada ya hapo ni maji,
na maji hayakingi surua.

Lami inaishia pale duka la Massoud.
Haiagi. Inakatika tu, kama mtu aliyekumbuka deni,
na kokoto zinaanza.

Kokoto zina tabia zake, mie nazijua.
Hizi za kijivu zilimwagwa na lori mwaka juzi,
ikasemwa zitashindiliwa. Bado zinangoja,
nasi tunangoja nazo;
hukimbia chini ya tairi kama kunde kwenye ungo.
Zile nyekundu, ndogo ndogo, huuma ringi.
Na nyeupe za matumbawe, zenye ncha,
ukizidharau utashinda kwa Fundi Shaame Faki
ukihesabu viraka.

Baiskeli yangu Foniksi, nzito kama mgeni aliyenuna.
Haina gia. Gia yangu magoti:
la kulia la kupandia,
la kushoto la kulalamikia.

Kule Unguja nilikosomea unesi, ardhi ni sinia.
Weka limau chini Mwanakwerekwe,
kesho utalikuta papo hapo, kama hajalichukua mtu.
Huku kwetu limau likikuponyoka mlangoni
kalifuate bondeni, kwenye mpunga.

Mlima wa kwanza unaitwa Vua Ushungi.
Sikuuita mie, niliukuta umeitwa.
Wa pili, Rudi Kesho.
Wa tatu hauna jina:
hakuna aliyefika pale akabakiwa na pumzi ya kuutaja.

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma;
na aliyesema hivyo hakuzijua breki zangu.
Ya mbele haishiki. Ya nyuma hushika ikitaka.
Nashuka Rudi Kesho miguu nje, kengele mkononi,
na karafuu zimeanikwa nusu ya njia.
Bi Raya ananyanyua pembe ya jamvi
kama anayefungua pazia:
"Pita, nesi, pita! Usinimwagie!"
Nikapita. Harufu ikanishindikiza
mpaka kwenye daraja la magogo mawili ya mnazi,
ambapo nashuka kila siku, na kila siku nasema Bismillahi.

Leo, katikati ya mlima usio na jina,
mnyororo ukasema basi.

Nikasukuma.
Hatua mbili mbele, kokoto zinanirudisha moja.
Huko juu Mize Kombo amekaa tangu jua kuchomoza
na mapacha, mmoja mgongoni, mmoja kifuani,
na mie huku nabishana na changarawe.

Mara uzito ukapungua.
Nageuka: mtoto, kifua wazi,
vidole vyeusi kwa kuchambua karafuu,
mikono yote miwili kwenye keria.
Shikamoo aliitoa baadaye, tulipopata pa kupumulia.
"Jina lako nani?"
"Mbwana. Mna nini humu?"
"Barafu."
"Niione."
"Nikifungua, ubaridi utatoka. Nikirudi nitakuonesha."
Akanitazama kama mtu aliyewahi kuahidiwa.
Kisha akasukuma.

Mapacha walilia kwa zamu, kisha kwa pamoja.
Nikachoma, nikaandika kadi, nikafunga mnyororo kwa waya,
nikala muhogo wa Mize nimesimama.

Alasiri nikamkuta pale pale, ameketi juu ya kokoto.
Nikafungua kasha, nikampa kibao.
Akakitikisa sikioni, maji yakacheza ndani.
"Imeshayeyuka," nikamwambia. "Nisamehe."
"Kwani ilikuwaje?"
Nikatafuta neno. Ugumu? Ubaridi?
Nikamshika shavu kwa kiganja changu,
nacho kilikuwa cha moto.

Akakitia kibao kwapani,
akaenda nyuma, akashika keria,
safari hii avute, asisukume,
maana breki zangu alikwisha kuziona.