Mto wa Eilif

Usiku wa tatu mvua ya Bergen haijakatika,
na ndani ya nyumba hii ya magurudumu
tone linalenga mto wa Eilif,
mto usiolaliwa tangu Februari.
Torunn anatega sufuria.
Ndo. Ndo. Si chururu, lakini haikomi.

Mvua ikipumua anapanda ngazi.
Juu ya kitanda paa ni zima, halina hata mkwaruzo.
Maji hayatokei yalikoingilia.
Anafuata mteremko kwa kidole
hadi mguu wa antena, skrubu ya nne,
ile iliyomshinda Eilif, mkono ukimtetemeka,
naye akasema, "Imeshika."

Haikushika.
Anaikaza robo mzunguko, anaipaka gundi,
anaikinga kwa mwavuli hadi ikauke.

Usiku mvua inarudi. Sufuria, kimya.
Anaugeuza mto upande mkavu,
anaulalia.