Kopo la Kahawa

Dola mia tatu na themanini
ndani ya kopo la kahawa, nyuma ya unga wa ngano:
ndizo nilizodunduliza tangu Oktoba
nikikunja shuka za wagonjwa kule Minot,
baridi nayo ikinikunja mgongo.

Sherifu yuko mwendo wa dakika arobaini
theluji ikiwa imepaliwa barabarani.
Isipopaliwa, Mungu ndiye ajuaye.
Kwa Solveig waliingia Jumanne, mchana kweupe,
wakachomoa nyaya za shaba ukutani
kama mtu atoaye miba ya samaki.
Paka walimwacha.

Virgil wa duka la rehani ametandika kitambaa cha kijani.
"Unataka nini, Lorna?"
Nataka kitu kizito, chenye neno moja.
Nataka kisilizidi kopo.
Akanisogezea bastola ndogo, nyepesi, ya plastiki:
"Wanawake huipenda hii."
Nikamwambia nimezaa wanne,
na ndama nimewavuta mia mbili kwa mikono hii,
wengine usiku, miguu imetangulia;
asinichagulie cha kunipendeza.

Basi akaitoa rivolva, arobaini na nne,
inang'aa kama sufuria ya harusi
na bei yake ni sufuria, meza, na harusi yenyewe.
Akaitoa nyingine, mpya, rahisi mno,
ya kiwanda ambacho hata yeye alilisoma jina lake mara mbili.
Nilipoivuta ikakwaruza kama meno yenye mchanga.
Nikairudisha. Urahisi huo una deni.

Ya mwisho, arobaini na tano, kuukuu,
rangi imechubuka mdomoni,
na kwenye mpini mtu amechora kwa msumari: R.T.
"Nani huyu?"
"Hakurudi kuikomboa," akasema Virgil,
akafunga kinywa kama anavyofunga droo.

Nyuma ya ghala la viazi alinipa risasi saba,
kila moja bei ya mayai mawili.
Karatasi ilikuwa na mtu asiye na uso.
Ya kwanza sijui ilikokwenda.
Ya pili ililamba mbao.
Bastola ilinichapa kiganja kama mwalimu wa zamani,
baridi yabisi ikapanda hadi kiwiko.
Kwa ile ya tatu nilingoja pumzi iishe,
kama ningojavyo uzi kwenye tundu la sindano,
nikaona mwanga begani pake.
Ya saba ikatua shingoni.
Nikafurahi,
kisha nikaona haya kufurahi,
kisha nikafurahi tena.

Mia tatu na arobaini. Risasi na kodi zikamaliza zilizobaki.

Usiku sikulala, na haikuwa hofu, ilikuwa hesabu.
Kuta zetu ni za jasi, unene wa mkate mkavu,
na risasi kubwa hivi haipigi hodi.
Nikasimama kando ya kitanda, nikanyoosha kidole kitupu.
Kule, chumba cha Anders, kichwa chake kwenye mto. Hapana.
Kule, tangi la gesi. Hapana.
Kule, dirisha, na mbele yake taa ya Solveig
ambaye siku hizi haizimi. Hapana.
Nyumba nzima, na njia moja tu iliyo salama:
mlango wa jikoni, na kando yake friza
lililosheheni kulungu wa mwaka jana.

Saa nane usiku nikalisukuma lizibe njia hiyo.
Anders akatokea na soksi moja.
"Bibi, unafanya nini?"
"Napanga jikoni."
Akaliegemeza bega lake la miaka kumi na moja,
tukasukuma wote,
na macho yake yakatua juu ya meza, kwenye lile boksi,
yakakaa hapo.

Asubuhi nilimrudishia Virgil.
Siuzi, nikamwambia, nitunzie tu; risiti ninayo.
Kopo liko tena nyuma ya unga,
lina dola kumi na mbili:
nanunua sanduku la chuma, la kufuli.
Mpaka hapo mlango naukingia kiti,
kile kizito, cha marehemu,
kinachopiga kelele kikisogezwa.