Wifi, Liteme Hilo Jiwe

Mbodze, nimekuona leo sokoni Kongowea,
kwa yule muuza viungo,
ukichagua vijiwe vya udongo kama mtu achaguaye lulu:
hiki kimekauka mno, hiki kina chumvi, hiki ndicho.
Ukakivunja kwa jino la nyuma. Kru.
Mlio ule niliusikia ndani ya meno yangu.

Sikukuita. Niliona haya, si yako, yangu.
Miaka miwili nilitafuna mimi:
chini ya mto, ndani ya mkoba,
kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini na chaki.
Nikisema ni uroho tu,
ni hamu ya harufu ya mvua ikipiga vumbi.
Kumbe damu yangu ilikuwa ikiomba chuma
na mimi naipa mchanga.

Nikuulize, na hapa kaka yangu hayupo,
wala mama yangu hayupo:
mwezi ukija, hukaa siku ngapi?
Usinijibu "kawaida."
Kawaida tumeirithi pamoja na masufuria.
Bibi alikuwa na kanga zake nyeusi, siku nane, kila mwezi,
akaita kawaida.
Shangazi Nyevu alianguka kwenye foleni ya feri, Likoni,
wakampepea kwa magazeti, wakasema jua.
Halikuwa jua.

Mimi nilikuwa nahesabu ngazi.
Pale Bondeni, ghorofa ya pili, ngazi ishirini na sita.
Ya kumi nasimama, najifanya natafuta ufunguo.
Ya kumi na nane moyo unagonga
kama mdai aliyechoka kubisha hodi.
Wateja wananiambia, "Umepungua, umependeza,"
nami nashukuru!
Nashona madera ya harusi za watu
huku nimekalia taulo lililokunjwa mara nne.

Daktari alikuwa binti mdogo, hina ingali vidoleni.
Akanivuta kope la chini, akatazama, akanyamaza.
"Dada, huku ndani pangekuwa pekundu."
Ngozi yetu nyeusi inajua kutunza siri, wifi.
Haipauki watu wakashtuka.
Lazima uitafute habari kwenye kope, ufizi, viganja.
Kesho asubuhi fungua dirisha, shika kioo,
ujivute kope mwenyewe.

Damu yangu: saba.
Halafu ile picha ya mafuta baridi tumboni,
na kwenye kioo, vivimbe vitatu:
kimoja kama kungumanga, kimoja kama ndimu,
na kimoja, komamanga zima.
Si jini. Si jicho la jirani.
Ni vivimbe tu, vina dawa, vina kisu pia,
na sisi wanawake weusi hutupata mapema, hutupata sana,
na huvikuta vinywa vyetu vimeshafungwa.

Basi nenda na daftari.
Andika siku, pedi, mabonge, hata usiku ulioamka kufua.
Usiseme "nimechoka," watakupa Panadol.
Sema: nipimeni damu. Sema: nataka picha.
Wakikucheka, rudi Jumatatu.
Vidonge vya chuma vitakutia choo cheusi, usishtuke.
Mchicha, kunde, maini siku ya mshahara,
kamulia ndimu juu.
Na chai, naijua chai yako ile, nyeusi kama lami:
ingoje saa nzima baada ya chakula.
Hili najua litakuuma kuliko yote.

Alhamisi nina kliniki. Watanipa tarehe ya upasuaji.
Nimewaambia wote siogopi.
Wewe nakwambia kweli.
Njoo tukae pamoja kwenye lile benchi,
nikutajie namba yangu, unitajie yako.

Na hilo lililo shavuni sasa hivi, nimeliona, liteme.
Hapana, si mkononi mwangu.
Haya.
Mkononi mwangu.