Kitabu cha Matukio

Saa tisa na robo usiku, ghala la saruji na mabati, Tororo.
Niliandika kwa kalamu ya bluu, herufi za kusimama:
I stopped to sleep. Then I looked after the thief.

Maana yangu, mbele ya Mungu na mbwa wa zamu,
ni kwamba niliacha kulala,
nikamtazama mwizi kwa nyuma akiishia
upande wa reli, mabati mawili kichwani yakilialia,
hadi giza la Jiwe likammeza.

Asubuhi Meneja Katusiime akasoma kwa sauti,
taratibu, kama anayehesabu chenji:
"Kumbe ulisimama ili ulale, Ofwono.
Ulipoamka ukamtunza mwizi. Chai ulimpa?"
Madereva wa malori walicheka hadi vumbi likawatoka nguoni.
Siku tatu zikakatwa kwenye mshahara.

Mimi nimelelewa kambi ya polisi, lugha yangu ni hii.
Humu kitenzi hubeba mizigo yake mwenyewe:
lia, lilia, liza, lizana.
Silabi moja imepenya katikati
na kilio kimeshapata mwenyewe.

Kitenzi cha Kiingereza ni askari mkavu,
hana mfuko, hana mgongo, ila ana mbwa.
Look akiwa peke yake amesimama tu langoni.
Mpe for, anatafuta funguo.
Mpe into, amekuwa mpelelezi.
Mpe after, ni yaya.
Mpe down na on, mbwa wawili kwa kamba moja,
hapo anakudharau wewe na ukoo wako.
Na ni vijibwa, hata kivuli hawana,
unawapita ukisoma bila kuwaona.
Ndio wanaouma.

Nyaketcho, binti yangu, kidato cha pili,
alinikalisha mbele ya taa ya sola.
"Baba, usitafsiri. Give ni kutoa, up ni juu,
lakini give up si kutoa juu."
"Ni nini basi?"
"Kukata tamaa."
Nikatazama dari. Nani alitoa nini huko juu
hata tamaa ikakatika?
Naye, bila kuinua macho daftarini:
"Na sisi, Baba, tunaikata kwa panga gani?"

Tukaja kwenye stop.
Stop smoking, sigara umeitupa.
Stop to smoke, umesimama uiwashe.
Kitenzi cha kwanza ni kilekile, hakijatikisika;
cha pili ndicho kilichobadili shati mlangoni,
na to amejibana hapo kama kunguni kwenye mshono.
Force anamtaka huyo to. Make hamtaki.
"Kwa nini?"
"Hakuna kwa nini. Mwalimu alisema, mezeni."
Nikameza. Na siku zangu tatu nikazimeza.

Lakini kuna jambo sikumwambia Nyaketcho,
wala kitabuni halimo.
Ule mwendo niliujua.
Bega la kushoto chini kidogo, kama la marehemu baba yake,
Emuron, tuliyelinda naye lango hili miaka sita.
Upepo wa Aprili uliwang'olea paa,
mama yao analala na sufuria tatu kitandani,
anazihamisha kadiri mvua inavyohama.
Filimbi ilikuwa shingoni mwangu.
Niliishika. Ilikuwa baridi.
Sikuipuliza.

Basi nilikosea neno, au neno lilinikosoa?
Nilitaka kuandika jicho, kalamu ikaandika mkono.
Yule kijibwa after alinusa
kitu nilichokuwa nimekificha chini ya koti.

Usiku huu mvua inapiga Tororo yote.
Nimefungua ukurasa mpya, nimeandika saa,
nimeandika, kwa herufi za kusimama, Nothing to report,
nikamtazama to, katikati, amelowa, hana kazi ninayoijua.
Nitamuuliza Nyaketcho kesho.
Mbali, ng'ambo ya reli,
kuna bati moja linalia tofauti na mengine.
Halijapigiliwa vizuri upande mmoja.