Mafundo Nyuma ya Mlango

Bwana Twahir alisema, "Nataka kompyuta,"
kama mtu anayetaka dawa
kabla hajasema anaumwa wapi.
Duka lake lipo Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu:
tairi zimening'inia dari nzima,
minyororo imelala kwenye madebe ya mafuta,
na spoki, spoki zinazopungua kila mwezi
na hakuna aliyeziona zikipita mlangoni.

Nilikuja na karatasi zangu za chuoni.
Mraba ni mtu wa nje. Duara ni kazi.
Mistari miwili sambamba ni mahali data inapolala.
Mshale ni mshale.
Nikauliza: nini kinaingia, nini kinatoka,
nani anaidhinisha, nakala ya pili inakwenda wapi?
Mwamvua, mtunza stoo, akajibu yote
vizuri mno, kama mtoto wa madrasa
anayesoma sura kwa moyo na roho iko nje inacheza.
Nikachora. Ikapendeza.
Spoki mia tatu na arobaini hazikuwamo mchoroni.

Siku ya tatu nilinyamaza.
Nikakaa juu ya kreti la soda,
nikanywa chai yake ya tangawizi, kama jana, kama juzi,
nikaiacha kazi iongee yenyewe.

Saa nne akaja kijana wa maziwa kutoka Pongwe,
gurudumu la nyuma limepinda
kama mdomo wa aliyelamba ndimu.
Hakutoa hela. Hakuandikwa.
Mwamvua akahesabu spoki sita,
akaurudisha mlango nusu,
na nyuma yake, kwenye msumari,
nikaiona kanzidata:
nyuzi za katani, kama arobaini hivi,
kila uzi mtu, kila fundo deni.
Wenye kifungo cha shati, wa fundi cherehani.
Wenye ganda kavu la chungwa, wa mchuuzi wa Muheza.
Fundo kubwa, tairi. Vifundo, spoki.
Mtu akilipa, fundo hufunguliwa, uzi hubaki na kikunjo.
"Kikunjo hicho," alisema, "ndiyo heshima yake."
Kisha akaniuliza, wala si kwa hasira:
"Kwenye mashine yako, 'bado kidogo, dada'
utaiweka safu ipi?"

Usiku ule, nyumba ya wageni Chumbageni, sikulala.
Nisipouchora mshale ule, mfumo wangu ni uongo uliopigwa rula.
Nikiuchora, huenda nimemchorea Mwamvua njia ya kutokea.
Chuoni hawakuniambia
kwamba mahitaji ya mtumiaji
yana watoto wawili na kodi ya chumba.

Nikauchora kwa penseli.
Bwana Twahir akautazama sigara nzima.
"Huu unatoka wapi?"
"Nyuma ya mlango."
"Unakwenda wapi?"
"Unarudi. Ufuate: waliokopa spoki
ndio walionunua tairi."
Akainuka, akausukuma mlango,
akazigusa nyuzi moja moja.
Hakusema amesamehe. Alisema,
"Mafundo haya hayana tarehe."
"Ninazo," akasema Mwamvua, akijigusa kichwa.
Basi tukaanza na tarehe.

Sasa skrini iko kaunta. Ina safu ya deni,
na pembeni yake safu ndefu isiyo na kanuni
ambamo Mwamvua huandika:
mkewe kajifungua. Mvua. Bado kidogo.

Siku ya kukabidhi nikachungulia nyuma ya mlango.
Msumari ulikuwapo. Uzi mmoja, mafundo matatu.
"Wa nani huu?"
"Wako," akasema. "Chai."